Shingo na sukari: magonjwa mawili yanayostahili chumba kimoja cha daktari

Katika Mkoa wa Kagera, mtu mzima akikonda ghafla, majirani huwa wameshatoa hukumu kabla daktari hajashika kalamu. Hofu hiyo ina historia yake. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani humo mwaka 1983, na katika miaka iliyofuata familia nyingi zilizika watu waliokuwa nguzo za nyumba zao. Ndiyo maana hadi leo anayekaza mkanda tundu moja zaidi kila mwezi hukimbilia kupima VVU. Akiambiwa hana maambukizi, hurudi nyumbani amefarijika, akidhani mambo yamekwisha. Mkanda nao unaendelea kukazwa.

Yapo magonjwa mengine mawili yanayomkondesha mtu huku anakula vizuri, pengine kuliko zamani. Mmoja ni kisukari, ambao siku hizi watu wengi wanaujua kwa jina na kwa dalili zake za kiu na mkojo wa mara kwa mara. Mwingine ni kuzidi kwa kazi ya tezi dundumio, ile ya shingoni ambayo wahudumu wa afya huiita thairoidi. Huu wa pili haujulikani sana. Wapo hata wanaosikia neno tezi wakafikiria tezi dume, wakati hii ya shingoni wanayo wanawake na wanaume, na wanawake ndio wanaougua zaidi.

Kinachosahaulika mara nyingi ni kwamba magonjwa haya mawili huweza kukaa ndani ya mtu mmoja, na kila mmoja ukauficha mwenzake au kuuchochea. Kwa wakazi wa Bisibo, kata ya Wilaya ya Biharamulo, na kwa majirani zao wa Ngara, habari hii inawahusu moja kwa moja. Wanaishi mbali na bahari, muhogo ni chakula chao cha kawaida, na watu wa makamo wa leo walizaliwa kabla chumvi yenye madini joto haijaenea nchini. Mambo hayo matatu yanagusa shingo. Kisukari nacho kimefika vijijini bila kubisha hodi.

Tezi mbili, damu moja

Tezi dundumio imekaa mbele ya shingo, chini kidogo ya kongomeo, ikiwa na pande mbili zilizounganishwa katikati. Homoni zake husafiri na damu na kuzipangia seli za mwili kasi ya kazi: moyo upige haraka kiasi gani, utumbo usukume chakula kwa mwendo gani, mwili uwe na joto kiasi gani, ini litoe sukari kiasi gani. Malighafi yake kuu ni madini joto. Mtu mzima anahitaji takriban mikrogramu 150 kwa siku, na mama mjamzito mikrogramu 250. Ni kiasi kidogo mno, lakini mwili hauwezi kujitengenezea.

Kongosho nayo, iliyojificha nyuma ya tumbo, hutoa insulini, homoni inayoiondoa sukari kwenye damu na kuiingiza kwenye seli. Insulini isipotoka kabisa, ni kisukari aina ya 1. Ikitoka lakini mwili ukaikaidi, na kongosho ikachoka taratibu, ni aina ya 2, ambayo ndiyo ya watu wazima wengi.

Homoni za shingoni zikizidi, utumbo hunyonya sukari haraka, ini humwaga sukari zaidi kwenye damu, na insulini huvunjwa mapema kuliko kawaida. Kongosho yenye afya hujitahidi ikafidia. Kongosho iliyochoka haimudu, na sukari hupanda. Daktari akiwa haangalii shingo ataongeza dozi ya vidonge, kisha ataongeza tena, na pengine atamlaumu mgonjwa kwamba anakula kwa siri. Kwa anayetegemea insulini, hali hiyo inaweza kumfikisha kwenye dharura ya damu kujaa asidi, ambayo huua isipotibiwa upesi. Upo pia upande wa heri: mtu ambaye sukari yake ilipanda kwa sababu ya tezi anaweza kuiona ikishuka tezi inapotulizwa. Hapo dozi za kisukari lazima zipunguzwe, la sivyo sukari itashuka kupita kiasi.

Homoni za shingoni zikipungua, mambo hugeuka. Mwili hupoa, mtu hunenepa bila kula sana, hufunga choo, ngozi hukauka, sauti hukwaruza, usingizi hauishi. Insulini hukaa mwilini muda mrefu zaidi na ini hutoa sukari kidogo. Mgonjwa aliyezoea dozi fulani kwa miaka huanza kupata vipindi vya sukari kushuka bila sababu anayoiona. Wakati huohuo lehemu mbaya hupanda kwenye damu na kazi ya figo hudhoofika. Moyo na figo ndivyo viungo ambavyo kisukari hushambulia hata bila msaada wa mtu.

Kizazi cha rovu

Uvimbe wa tezi ya shingo, yaani rovu, ambao wengi huuita goita, ulikuwa jambo la kawaida katika sehemu kubwa ya nyanda za juu za Tanzania. Sababu iko ardhini. Katika maeneo ya milima na miinuko mvua za karne nyingi huosha madini joto kutoka kwenye udongo na kuyapeleka baharini. Mazao yanayoota katika udongo huo huwa nayo kidogo, na anayekula mazao hayo peke yake hupungukiwa. Samaki wa baharini wana madini joto mengi, lakini samaki wa maji baridi, wakiwemo sato na dagaa wa Ziwa Victoria, hawawezi kutegemewa kwa kiasi hicho.

Katika miaka ya 1980 Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1973, ilishiriki kupima ukubwa wa tatizo hilo. Upimaji haukuhitaji mashine. Wapimaji walisimama mbele ya watoto wa shule, wakawapapasa shingo kwa vidole, wakaandika daraja: hakuna uvimbe, uvimbe unaoguswa lakini hauonekani, au uvimbe unaoonekana kwa macho. Ilikadiriwa kuwa karibu asilimia 40 ya Watanzania waliishi katika maeneo yenye upungufu wa madini joto. Kuanzia mwaka 1986 vidonge vya mafuta yenye madini joto viligawiwa katika wilaya 27 zilizoathirika zaidi, huku nchi ikijiandaa kwa suluhisho la kudumu, ambalo ni kuyatia madini hayo kwenye chumvi yote ya kula. Kazi hiyo ilishika kasi katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1990.

Matokeo yalikuwa makubwa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2004 kwa watoto wa shule ulionyesha rovu limeshuka kutoka takriban asilimia 25 katika miaka ya 1980 hadi asilimia 7, na kaya zaidi ya 80 katika kila 100 zilikuwa zikitumia chumvi yenye madini joto. Ni mojawapo ya mafanikio ya afya ya umma ambayo Tanzania huyajivunia kwa uchache kuliko yanavyostahili.

Lakini takwimu hizo zilihesabu watoto. Wale waliopapaswa shingo mwaka 1985 wakiwa darasa la nne, leo wana miaka 50 na ushee. Tezi iliyovimba utotoni kwa njaa ya madini joto hairudi kuwa nyororo kila mara. Kwa baadhi ya watu huota vinundu, na miaka ikienda baadhi ya vinundu hivyo huanza kutengeneza homoni bila kusubiri amri ya ubongo. Ndiyo sababu katika maeneo yaliyowahi kukosa madini joto, tezi inayofanya kazi kupita kiasi huonekana sana kwa watu wa makamo na wazee wenye rovu la siku nyingi.

Ushahidi wa karibu uko ng'ambo ya Rwanda na Burundi. Mwaka 1996 jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha taarifa kutoka Kivu, wakati huo ikiwa Zaire, kuhusu watu waliougua kwa homoni kuzidi baada ya chumvi yenye madini joto kuwafikia. Mwaka mmoja kabla, jarida hilo lilikuwa limetoa taarifa kama hiyo kutoka Zimbabwe. Vinundu vya zamani vilikuwa vimepata malighafi ghafla. Hilo halikuwa kosa la chumvi, kwani hatari hiyo hupungua kadiri miaka inavyopita, na faida ya chumvi kwa watoto walio tumboni haina mfano. Ni onyo tu kwamba shingo ya mtu mzima ina kumbukumbu ndefu.

Sukari ilivyoingia kijijini

Wakati rovu likishuka, kisukari kilikuwa kinapanda. Mwaka 1989 Profesa Donald McLarty wa Muhimbili na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi wa vijiji sita vya Tanzania. Chini ya mtu mmoja katika kila watu wazima 100 alikuwa na kisukari. Wengi waliusoma ugonjwa huo kama wa mijini, wa wenye vitambi na magari. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012, uliohusisha watu wa miaka 25 hadi 64, ulikuta asilimia 9.1 wana sukari ya juu. Tafiti hizo mbili hazikufanywa kwa njia moja, hivyo si haki kuzilinganisha kama mizani ya dukani, lakini mwelekeo wake hauna ubishi.

Umri ambao kisukari aina ya 2 huanza kuonekana kwa wingi ni kuanzia miaka 40 na kuendelea. Huo ndio umri wa kizazi kilichokulia katika upungufu wa madini joto. Njia mbili zimekutana kwenye mwili wa mtu mmoja: mwanamke wa miaka 52, tuseme, mwenye rovu dogo aliloishi nalo tangu usichana, na ambaye sasa sukari yake imepanda. Akienda kliniki ya kisukari ataulizwa kuhusu macho, miguu na chakula. Rovu lake, kwa kuwa halimuumi na kila mtu amelizoea, linaweza lisitajwe kabisa.

Muhogo mahakamani

Katika magonjwa yote mawili, mtuhumiwa mmoja aliwahi kupandishwa kizimbani, naye ni muhogo. Kwa watu wa Biharamulo na Ngara kesi hiyo si ya kupuuzwa, maana ugali wa muhogo ni chakula, si majaribio.

Muhogo mchungu una kemikali ambayo ikivunjika hutoa sianidi. Mwili huigeuza sianidi hiyo kuwa thayosianeti, kitu kisicho na sumu kali lakini kinachoizuia tezi ya shingo kunyonya madini joto. Watafiti wakiwemo madaktari wa Ubelgiji, François Delange na André Ermans, waliofanya kazi katika kisiwa cha Idjwi katikati ya Ziwa Kivu kuanzia miaka ya 1960, walikuta jambo la ajabu. Madini joto yalikuwa machache kisiwani kote, lakini rovu lilijaa kaskazini huku sehemu ya kusini-magharibi likiwa kwa wachache. Tofauti hiyo iliwaongoza kwenye muhogo. Hukumu ya kesi ya kwanza ikawa hivi: muhogo usioandaliwa vizuri ni mshiriki wa kosa, lakini hufanya madhara pale tu madini joto yanapokosekana. Mwenye chumvi nzuri jikoni na anayeuloweka muhogo wake vya kutosha hana cha kuogopa.

Kesi ya pili ilihusu kisukari. Katika miaka ya 1970, uchunguzi wa wagonjwa maskini wenye kisukari katika nchi za joto, hasa jimbo la Kerala nchini India, uliwafanya baadhi ya wanasayansi waamini kwamba sianidi ya muhogo huiharibu kongosho. Dhana hiyo ilipata nguvu hata Shirika la Afya Duniani likatenga kundi la kisukari cha utapiamlo katika uainishaji wake wa mwaka 1985. Jibu lilitoka Tanzania. Watafiti Andrew Swai, McLarty na wenzao waliipima jamii ya Mkoa wa Mara iliyokuwa ikila muhogo kwa wingi, na ambayo miili ya watu wake ilionyesha wazi dalili za kukutana na sianidi. Kisukari kilikuwa kwa wachache mno. Mwaka 1992 walichapisha matokeo hayo katika jarida la Diabetes Care, na kichwa cha makala yao kilitangaza hukumu bila kupinda: kisukari hakisababishwi na sumu ya muhogo.

Mwaka 2025 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilitambua tena kisukari kinachohusiana na utapiamlo na kukiita aina ya 5, lakini anayetajwa sasa ni njaa, si muhogo. Hata hivyo kuachiwa huru si ruhusa ya kujaza sahani. Ugali wa muhogo ni wanga karibu mtupu, na kwa mwenye kisukari kipimo cha bonge lake kina uzito uleule wa ugali wa mahindi au wali. Maandalizi nayo yana sababu zaidi ya rovu. Katikati ya miaka ya 1980 Wilaya ya Tarime ilipata mlipuko wa konzo, kupooza kwa miguu kusikopona, baada ya ukame kuwalazimisha watu kula muhogo mchungu ambao haukuandaliwa ipasavyo. Kumenya, kuloweka siku kadhaa, kuvundika na kuanika juani ni kazi ambayo bibi zetu hawakuibuni kwa ajili ya ladha tu.

Kinga inapomgeuka mwenye mwili

Si kila tatizo la tezi linatoka kwenye udongo. Mara nyingine askari wa mwili, yaani mfumo wa kinga, huishambulia tezi kana kwamba ni adui. Mashambulizi hayo yakiifanya tezi ichemke, ni ugonjwa wa Graves, uliopewa jina la daktari wa Ireland aliyeueleza mwaka 1835. Yakiiua polepole, ni ugonjwa wa Hashimoto, ulioelezwa na Mjapani Hakaru Hashimoto mwaka 1912. Kisukari aina ya 1 nacho hutokana na kinga kuiharibu kongosho. Mtu ambaye kinga yake imekosea mara moja ana uwezekano mkubwa wa kukosewa mara ya pili. Shirika la Kisukari la Marekani linaeleza kwamba kati ya watu 100 wenye aina ya 1, watu 17 hadi 30 wana ugonjwa wa tezi wa namna hiyo, na linashauri wapimwe tezi mara tu baada ya kugunduliwa, kisha warudiwe kila baada ya mwaka mmoja au miwili hata kama hawana dalili. Wanawake wenye aina ya 1 wanahitaji uangalizi zaidi miezi ya kwanza baada ya kujifungua, kwani tezi hupenda kuyumba wakati huo.

Kwa aina ya 2 uhusiano ni wa chinichini, lakini upo. Mjini Rotterdam, Uholanzi, watafiti waliwafuatilia watu 8,452 wa makamo na wazee kwa wastani wa karibu miaka minane, na matokeo yao yakatoka mwaka 2016. Waliokuwa na tezi zinazofanya kazi kwa ulegevu walipata kisukari zaidi ya wenzao, na hatari ilikuwa kubwa hasa kwa wale ambao sukari yao ilikuwa tayari imeanza kupanda.

Dalili zinazodanganya

Ugumu wa magonjwa haya mawili ni kwamba yanatumia dalili zilezile. Kutetemeka, jasho na moyo kwenda mbio ni ishara za sukari kushuka, na pia ni ishara za tezi iliyozidi. Mgonjwa wa kisukari anayehisi hivyo hukimbilia soda au kijiko cha sukari, kama alivyofundishwa. Ikiwa kisa ni tezi, atakuwa ameipandisha sukari yake bila sababu. Kanuni hapa ni kupima sukari kwa kidole kwanza kila inapowezekana. Kipimo kikisoma kawaida na moyo bado unadunda, hilo ni jambo la kumweleza daktari.

Uchovu nao hudanganya. Sukari ikiwa juu mtu huchoka, na tezi ikilegea mtu huchoka. Miguu kufa ganzi inaweza kuletwa na kila mmoja wa magonjwa hayo. Hata kipimo cha sukari ya miezi mitatu, ambacho madaktari hukiamini sana, huweza kusoma juu kuliko hali halisi pale tezi inapolegea, kwa sababu chembe nyekundu za damu huishi muda mrefu zaidi na kukusanya sukari nyingi.

Dawa pia zinaingiliana. Propranololi, inayotolewa kutuliza moyo wa mwenye tezi iliyozidi, huweza kuficha kutetemeka na mapigo ya moyo yanayomwonya mgonjwa kwamba sukari inashuka. Jasho ndilo linalobaki kuwa shahidi. Anayetumia kabimazoli, dawa ya kutuliza tezi iliyozidi, akipata homa na maumivu ya koo aende hospitali siku hiyohiyo akapimwe damu, kwa kuwa dawa hiyo mara chache hushusha askari wa mwili, na mwenye kisukari hana akiba kubwa ya kupambana na maambukizi. Aliyeandikiwa levothairoksini kwa tezi iliyolegea aimeze kwa maji alfajiri, tumbo likiwa tupu, nusu saa hadi saa moja kabla ya kula. Kahawa, ambayo Kagera ni zao la nyumbani, isubiri, maana huipunguzia dawa hiyo nguvu. Vidonge vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma vikae mbali nayo kwa saa nne. Metformini, dawa ya kisukari ambayo humezwa na chakula, itakuja baadaye kwa zamu yake.

Ama chale zinazochanjwa shingoni kama tiba, hizo haziondoi rovu. Kwa mwenye kisukari kila jeraha lisilo la lazima ni hatari ya kidonda kisichopona.

Kutoka Bisibo hadi maabara

Katika ngazi ya zahanati na kituo cha afya, kipimo cha sukari cha kidole ndicho rahisi kupatikana. Kipimo cha tezi, hasa kile kinachojulikana kwa herufi TSH, huhitaji maabara kubwa zaidi. Mgonjwa wa Biharamulo huanzia hospitali ya wilaya, na wa Ngara huweza kuanzia hospitali za Murgwanza, Rulenge au Nyamiaga. Hatua inayofuata ni hospitali ya Bukoba, Hospitali ya Rufaa ya Kanda iliyoko Chato, au Hospitali ya Bugando jijini Mwanza. Safari ya Mwanza imepungua adha tangu Juni 2025, lilipofunguliwa Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo hadi Busisi lenye urefu wa takriban kilomita 3, na kungoja kivuko kukaisha. Nauli, chakula na siku za kazi zinazopotea bado ni mzigo wa mkulima.

Ndiyo maana kinachohitajika kwanza si mashine mpya. Kagera ina uzoefu ambao VVU vimeufundisha kwa gharama kubwa. Sampuli za damu za kupima wingi wa virusi husafirishwa kutoka vituo vidogo hadi maabara kubwa, na majibu hurudi kituoni. Damu ya kupima TSH inaweza kusafiri kwa njia hiyohiyo, na mgonjwa akabaki shambani kwake. Gharama ya kupima wachache waliochaguliwa vizuri ni ndogo kuliko ya kumlaza mtu mmoja aliyezidiwa.

Kuchagua vizuri ndiko kwenye kazi, na kazi hiyo inafanywa kwa mikono na maswali. Mwenye kisukari aina ya 1 apimwe tezi bila mjadala. Mwenye aina ya 2 apimwe akiwa na rovu, akiwa na ndugu wa damu mwenye ugonjwa wa tezi, akikonda au kunenepa bila maelezo, sukari yake ikikataa kutulia ingawa anafuata masharti, au ikiwa inashuka mara kwa mara kwa dozi ileile ya zamani. Aliyelazwa akiwa mahututi kwa sukari kupanda asubiri atulie kwanza, kwa kuwa ugonjwa mkali huvuruga majibu ya tezi. Na anayetibiwa tezi, kwa upande wake, apimwe sukari. Hilo la mwisho linawezekana leo, kwenye zahanati yoyote yenye kipimo cha kidole.

Nyumbani kazi iliyobaki ni ya chumvi. Wagonjwa wa kisukari huambiwa wapunguze chumvi ili kulinda moyo na figo, na ni kweli: Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi gramu 5 kwa siku, karibu kijiko kimoja cha chai. Wengine huelewa vibaya wakaacha ya pakiti yenye madini joto na kununua ya kupimwa kwenye kiroba kisicho na alama, wakidhani ni ya asili na salama zaidi. Inunuliwe ile iliyoandikwa kuwa ina madini joto, itumike kidogo, ihifadhiwe kwenye chombo chenye mfuniko mbali na jua na mvuke, na itiwe chakula kinapokaribia kuiva. Mwenye rovu la vinundu asijitibu kwa vidonge au matone ya madini joto yanayouzwa kiholela. Yaliyotokea Kivu yanatosha kuwa somo.

Tanzania ilizindua mwaka 2019 mpango wa taifa wa kuzuia na kudhibiti magonjwa yasiyoambukiza, na kliniki za kisukari zinaendelea kusogea karibu na wananchi. Halmashauri za Biharamulo na Ngara zinaweza kuongeza mstari mmoja tu kwenye kadi ya kliniki hizo: shingo imepapaswa, ndiyo au hapana. Vidole vilivyopapasa shingo za watoto wa shule miaka ya 1980 vilitosha kuiongoza nchi nzima kwenye sera ya chumvi. Vinatosha pia kumwongoza daktari kwa mgonjwa wa kisukari. Nawe msomaji, ukienda kupima sukari mwezi huu, usiondoke kabla shingo yako haijaguswa, na kama ndani ya nyumba yenu yuko mwenye rovu, mpeleke akapimwe sukari.